Sayyid Majid bin Said na Nyumba za Mtoni, Watoro na Bububu

Ng'ambo ya Mto Nile, upande wa mashariki, mwendo mfupi kutoka mji wa Juba, ndipo ilipokuwa Gondokoro, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa mwisho wa safari ya majahazi yaliyopanda mto kutoka Khartoum. Tarehe 15 Februari, 1863, waliwasili hapo Waingereza wawili, Speke na Grant, pamoja na wafuasi wachache waliosalia katika msafara uliotoka Unguja mwezi wa Septemba, 1860. Mmoja wa wafuasi hao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hali ni mtoto kisha akapata uhuru wake. Wao na wenzao walisema Kiswahili. Basi lugha hii ambayo leo yasikilizana katika masoko ya Juba, na ambayo baadhi ya watu huidhani ni mgeni aliyefika jana pamoja na magari ya Uganda na Kenya, ilikwisha kusemwa kando ya mto huu zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Msafara ule ulipoondoka Unguja, mwenye kutawala kisiwani alikuwa Sayyid Majid bin Said, na manowari iliyowavusha hadi Bagamoyo ilikuwa yake. Jina lake limo katika vitabu vya tarikh kwa sababu ya mambo ya utawala: kugawanyika kwa dola ya baba yake, khitilafu yake na ndugu yake wa Maskati, na kujengwa kwa Dar es Salaam. Walakini yuko mtu mmoja aliyemkumbuka kwa namna nyingine, naye ni dada yake, Bibi Salme, ambaye aliandika khabari za maisha yake kwa Kijerumani katika kitabu kilichochapwa Berlin mwaka 1886. Katika kitabu hicho Majid si Sultani kwanza. Ni kaka mkubwa mwenye majogoo, sungura na panga nyingi, ambaye nyumba yake ilijaa kelele za wanyama na watoto.

Msomaji anahitaji kuijua nyumba walikotoka. Sayyid Said bin Sultan, baba yao, alikuwa na jumba kando ya bahari kaskazini ya mji wa Unguja, mahali paitwapo Mtoni, kwa sababu kuna kijito kinachoingia baharini hapo. Hilo lilikuwa jumba lake la zamani kuliko yote kisiwani. Bibi Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844, ameandika kwamba wakazi wake walizidi watu elfu moja, ukihesabu masuria, watoto, watumishi na watumwa. Palikuwa na ua mkubwa wenye bata, tausi, paa na mbuni, wote wakitembea pamoja bila ya kizuizi, na watoto wakikimbizana nao. Kulikuwa na nyumba za kuogea zenye maji yasiyokatika. Na mbele, juu ya bahari, palikuwa na baraza ya mbao ya duara, iliyoinuka kama mnara, ambapo Sayyid Said alipenda kutembea peke yake huku na huku, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyomwingia pajani zamani za vita. Katika kila juma alikaa Mtoni siku nne, na siku tatu akawa mjini, katika Beit el-Sahil, kwa kazi za hukumu na serikali. Mtu aweza kufahamu kwa hesabu hiyo moyo wake ulikuwa wapi.

Yafaa isemwe pia, na hasa isemwe katika Juba, kwamba raha ile yote ilisimama juu ya migongo ya watumwa. Karafuu zilizojenga majumba zilichumwa na watu waliotekwa Bara. Na wakati huohuo Gondokoro nayo ilikuwa kituo cha pembe na watu, ambapo wafanya biashara wa kutoka kaskazini walifunga minyororo wenyeji wa nchi hii. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria ya Unguja mwaka 1897. Khabari za nyumba hizi hazitimii pasipo jambo hilo.

Mama yake Salme aliitwa Jilfidan, na mama yake Majid aliitwa Sara. Wote wawili walikuwa Wacherkesi, walioletwa Unguja hali wangali wadogo. Walipendana sana, wakaahidiana kwamba yeyote atakayetangulia kufa, mwenzake atawalea watoto wake. Sara akatangulia. Basi Majid alipotimiza umri wa kuwa na nyumba yake mwenyewe, baba akampa nyumba ya mjini iitwayo Beit el-Watoro, naye Majid akaomba Jilfidan aje akae humo pamoja na binti yake, ili nyumba ipate mama, na ili dada yake Majid, Bibi Khaduj, apate mlezi. Jilfidan akatimiza ahadi. Salme alikuwa na umri wa miaka kama saba hivi.

Mtoto aliyezoea uwanja wa Mtoni aliiona nyumba ya mjini kuwa nyembamba, na mwanzo alilia. Lakini Majid alikuwa mtu wa kupenda watu wake kukaa pamoja, na alijua kuwafurahisha. Aliwapenda wanyama kupita kiasi. Sungura wake weupe waliiharibu nyumba, wala hakutaka waondolewe. Alikuwa na majogoo wa kupigana wa kila namna kutoka nchi mbalimbali. (Mashindano ya majogoo ni jambo lisilopendeza katika dini yetu, wala hayatajwi hapa ili yaigwe.) Alikuwa pia na shauku ya silaha, na katika nyumba ile dada yake mdogo alijifunza kupanda farasi, kushika upanga, jambia na mkuki, na kulenga kwa bunduki na bastola, hata mama yake akaanza kuona haya kwa ajili yake. Ushonaji aliachiwa mwingine.

Jambo moja kubwa zaidi ya hayo Salme alijifunza kwa siri. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika walikatazwa. Yeye akachukua msahafu kuwa ruwaza yake, akanakili herufi moja moja juu ya mfupa wa bega la ngamia, mpaka mkono ukakubali. Elimu hiyo, iliyoanza kwa kuliiga neno la Mwenyezi Mungu, ndiyo iliyomwingiza baadaye katika vita dhidi ya ndugu yake aliyemlea.

Majid mwenyewe alikuwa na maradhi ya kifafa, yakimjia ghafula, hata watu wake hawakumwacha peke yake usiku wala mchana. Huenda ndiyo sababu alipenda nyumba iliyojaa. Waliomwona mnyonge kwa maradhi hayo walikosea kipimo, kama ilivyodhihirika.

Baadaye Jilfidan na binti yake waliondoka Watoro kwa kutopatana na Bibi Khaduj, wakahamia Beit el-Thani, karibu na Bibi Khole, dada mwingine, aliyekuwa mzuri wa sura na mwenye kupendwa mno na baba yao. Mwezi wa Oktoba, 1856, Sayyid Said akafa baharini akirejea kutoka Maskati. Barghash, mwanawe aliyekuwa pamoja naye merikebuni, alileta maiti na kuizika usiku, kwa siri. Aliacha watoto 36. Thuwaini akashika Oman, na Majid akashika Unguja. Mwaka 1861 Waingereza waliamua kati yao: Unguja iwe mbali na Oman, na Majid alipe Maskati riali 40,000 kila mwaka. Hiyo ndiyo sehemu ya khabari iliyokwisha kuandikwa sana, na haina haja ya kurudiwa.

Lililoivunja nyumba lilikuwa jingine. Barghash alitaka kiti kwa ajili yake mwenyewe, na Bibi Khole alikuwa upande wake kwa moyo wote. Wakati huo kipindupindu kiliingia Unguja na kuua watu wengi, na Jilfidan akawa miongoni mwa waliokufa. Salme akabaki yatima wa baba na mama, hali umri wake ni miaka kumi na mitano, akimtegemea Khole kwa kila kitu. Khole akamvuta. Na kwa kuwa katika wale waliokula njama yeye ndiye aliyejua kuandika vizuri, akafanywa katibu wao. Barua za kuagiza bunduki, risasi na baruti zilitoka katika mkono wake. Aliyeandikiwa ubaya katika barua hizo alikuwa kaka yake wa Beit el-Watoro.

Wakazi wa Juba waliouona mwezi wa Desemba, 2013, na mwezi wa Julai, 2016, hawahitaji kuelezwa jinsi watu waliokula sinia moja wanavyofika kulengana. Hapana siku ambayo mtu huamka akasema: leo nitamchukia ndugu yangu. Huanza kwa kutotembeleana. Kisha kila upande hupata wapeleka maneno wake. Bibi Salme ameeleza kwamba siku zile jamaa walipeana salamu barazani kwa midomo tu, na hata watumwa wao walitukanana njiani kwa ajili ya mabwana zao.

Mwaka 1859 Majid alipata khabari za njama, akaweka askari kuizunguka nyumba ya Barghash. Kulikuwa na washauri waliotaka nyumba ipigwe mizinga. Yeye hakutaka damu ya ndugu yake, akataka awasumbue kwa kuwazuia mpaka watii. Huruma hiyo ilitumiwa dhidi yake. Usiku mmoja Khole na Salme walifika na wanawake wengi, wakadai kuingia kumwona ndugu yao. Askari, kwa heshima ya mabinti wa Sayyid Said, wakawapisha. Walipotoka, walitoka na Barghash katikati yao, amefunikwa shela ya kike macho tu yakionekana, na mdogo wao Abdulaziz, ambaye alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili, amevikwa vivyo hivyo. Wakapita mbele ya bunduki za askari, wakaenda hadi nje ya mji ambako wafuasi walikuwa wakingoja, na Barghash akaenda zake shamba.

Shamba lenyewe lina khabari yake. Liliitwa Marseilles, na lilikuwa mali ya marehemu Khalid bin Said, kaka yao aliyekuwa akishika serikali baba alipokwenda Oman, na aliyefariki mwezi wa Novemba, 1854. Khalid aliwapenda Wafaransa na mambo yao, ndiyo maana akalipa shamba jina la mji wao. Alilipamba kwa mapenzi makubwa: kuta zenye vioo, sakafu za mawe meupe na meusi, taa za kuning'inia, na saa ya ajabu ambayo vinyago vilitoka ndani yake kila ilipolia. Alipokufa liliwaendea binti zake wawili, nao wakampa ami yao Barghash ruhusa ya kulitumia. Akaligeuza boma.

Majid alikwenda na jeshi, pamoja na askari wa manowari ya Kiingereza iitwayo Assaye, na mizinga ikapigwa. Watu wengi walikufa katika minazi na mikarafuu, wengi wao wakiwa watu wasiokuwa na fungu lolote katika ugomvi wa wana wa wafalme. Usiku Barghash alitoroka tena hadi mjini, na waliovunja milango asubuhi walikuta nyumba tupu. Vioo vya Khalid vilikuwa vipande. Siku chache baadaye nyumba ya Barghash mjini ikazungukwa na Waingereza, risasi zikapigwa, na mwishowe akajitoa. Akapelekwa Bombay, na Abdulaziz akachagua kumfuata.

Sasa latazamwa alilolifanya Majid. Alikuwa na ushahidi wote. Alijua ni nani aliyemtoa Barghash ndani ya nyumba, na alijua mwandiko wa barua ni wa nani, kwa kuwa hapakuwa na mabinti wengi wa kuandika. Watu wa baraza yake walimwambia awaadhibu dada zake, na kwa desturi za watawala wa zama zile asingelaumiwa. Alikataa. Hakuwanyang'anya mashamba yao wala hakuwafukuza. Barghash mwenyewe alimruhusu kurudi Unguja baada ya miaka kama miwili. Nabii Yusuf, alayhi salam, aliposimama mbele ya ndugu zake alikuwa amekwisha pata nguvu na raha. Majid alisamehe wakati kiti chake kingali kikitikisika, na wakati wengi walimhesabu kuwa ni dhaifu kwa kusamehe kwake. Ilivyo hapana dalili kwamba aliwahi kulitumia neno hilo, kusamehe, mbele yao. Aliacha tu mambo yapite.

Kupita kwa mambo hakukuwa upatanisho, lakini. Jamaa waliwakwepa Khole na Salme, na wageni waliokuwa wakijaza baraza zao hawakuonekana tena. Salme akakimbilia shamba. Kwanza alikaa Kizimbani, katikati ya mikarafuu yake, akijifunza kusimamia kazi na kuwajua watu wa vijijini. Kisha akataka bahari, akapata nyumba ya Bububu, kaskazini zaidi ya Mtoni, pwani kabisa. Ameisifu nyumba hiyo kuliko karibu kila mahali alipopata kukaa. Kijito kilipita uani, maji ya bahari yakafika ukutani, na asubuhi wavuvi walipita na samaki wao. Ndugu zake vijana walikuja kumtazama. Ilikuwa Mtoni ndogo, isiyo na watu elfu, na isiyo na baba.

Ndipo siku moja likaja ombi la Majid. Balozi wa Kiingereza alitafuta nyumba ya pwani nje ya mji, na Bububu ilimfaa. Je, Salme angekubali kuiacha? Hilo lilikuwa neno la kwanza kutoka kwa kaka yake tangu vita. Sultani angeweza kuamrisha, naye aliomba. Salme aliipenda nyumba ile, na zaidi ya hayo alijua Khole atalichukuliaje jambo hilo, kwa maana Khole hakuwa mtu wa kusahau. Hata hivyo aliitoa, akarudi mjini. Kaka na dada wakaonana tena, wakazungumza kama walivyokuwa wakizungumza Watoro. Hapana aliyedai hesabu za nyuma. Na kama ilivyotazamiwa, Khole akaona amesalitiwa, akamwacha dada yake, na ufa ule haukuzibwa. Bibi Khole alifariki mwaka 1875.

Mwaka 1866 Bibi Salme aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na mwaka 1867 akabatizwa huko na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg. Jambo hilo liliwahuzunisha Waislamu wa Unguja wakati ule, na litamhuzunisha kila Mwislamu alisomapo. Hukumu yake ni ya Mwenye kuhukumu. Kwa khabari ya Majid latosha kusemwa kwamba dada huyo, akiandika ugenini miaka mingi baadaye, hali ni mjane mwenye watoto watatu, hakuwa na neno chungu hata moja kwa kaka yake huyo. Wengine katika jamaa aliwalaumu, na Barghash alimlaumu sana. Majid alimwita mwenye moyo mwema, na kushiriki kwake katika fitina ya 1859 alikuhesabu katika majuto ya maisha yake.

Katika miaka yake ya mwisho Majid alikuwa akijenga makao mapya upande wa Bara, karibu na kijiji cha Mzizima, mahali penye bandari iliyotulia. Alipaita Dar es Salaam. Aliweka huko jumba, akapanda minazi, na alipenda kukaa huko mbali na mashauri ya mji. Hakupata muda. Alifariki tarehe 7 Oktoba, 1870, naye hajafika miaka 40, na aliyerithi kiti ni Barghash, ndugu aliyetolewa katika shela. Barghash aliliacha jumba la Dar es Salaam, akajenga kwake mwenyewe Marhubi na Chukwani. Alitawala hadi mwaka 1888.

Mwaka 1885 Bibi Salme alirudi Unguja pamoja na merikebu za Kijerumani. Barghash hakukubali kumwona. Akaenda Mtoni, akalikuta jumba limeanza kuanguka: ngazi zimeoza, majani yameota katika nyumba za kuogea, na ua hauna hata ndege mmoja wa kufugwa. Magofu yake yangalipo kando ya njia iendayo Bububu.

Mjini, katika makaburi ya Makusurani, kuna kaburi la Sayyid Said. Majid alianza kulijengea kuba kwa ajili ya baba yake, kisha ujenzi ukasimamishwa, kwa kuwa wanazuoni wa Kiibadhi hawakupendezwa na kujengea makaburi. Kuta zimebaki wazi juu. Khalid mwenye vioo amezikwa katika uwanja huo, na Majid, na Barghash pia, hatua chache baina yao.